Mshono wa Magurudumu ya Mbele

Karakana, 4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nalala, na lile koti ulilonishonea bado linanitosha, ingawa kifungo kimoja kimehama bila kuaga. Goti la Mama limepungua uvimbe, sasa anapanda ngazi bila kumlaumu mtu. Baba analalamika kwamba akikupigia simu unamjibu "na wewe pia" hata akikuuliza saa. Ndiyo maana mimi nakuandikia. Barua haihitaji masikio.

Sasa nikueleze shida yangu. Unajua hapa chuoni tunaunda gari linalokwenda kwa jua. Paneli ziko mgongoni mwake, na umeme wote zinaoutoa jua likiwa kali hauzidi sana ule wa pasi yako ya kunyooshea nguo. Pasi moja, Shangazi, imbebe mtu na gari lake, tena kwenye mashindano na vyuo vingine mwezi wa tisa. Hatuna umeme wa kuchezea. Adui wetu ni upepo, na upepo unayapenda magurudumu kuliko kitu kingine chochote. Tairi likizunguka, upande wake wa juu unakwenda mbele kwa kasi maradufu ya gari lenyewe. Unagongana na upepo uso kwa uso, unauvuruga, na gari zima linabaki kuburuta huo mvurugo. Kazi yangu mimi katika kundi hili ni magurudumu tu. Siku hizi hata nayaota.

Dawa yake ni kuyafunika. Ya nyuma hayakusumbua kwa kuwa hayageuki. Tumeyafunika kabisa na yametulia. Ya mbele lazima yapinde kona, kwa hiyo kifuniko chake kinahitaji uwazi mkubwa, na upepo unaingilia hapohapo. Nimefikiria tuuzibe uwazi huo kwa kitambaa kinachovutika, kama sketi: gurudumu likigeuka kinalifuata, likinyooka kinarudi. Nimejaribu kushona mwenyewe, na ungeona nilichokishona ungenikana mbele za watu. Nakuomba unishonee. Karatasi za vipimo zimo ndani ya bahasha hii.

Mwanao Kitinda yuko nasi hapa karakana. Ni mzima, mwembamba vilevile, anasaidiasaidia hapa na pale. Anakusalimu.

Mimi,
Binti wa kaka yako


Nyumbani, 19 Februari

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Masikio yangu niliyaacha kiwandani kati ya zile cherehani zote, kwa hiyo mwambie baba yako kama anataka yapimwe ayafuate huko. Wifi yangu mpe pole ya goti, ila asiache kabisa kulaumu watu, ataonekana mgonjwa kweli. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena, nimeweka sufuria, nalisikiliza kwa macho.

Karatasi zako nimeziona. Umekata vizuri lakini hukuacha nafasi ya mshono. Hiyo sketi itashikwa na nini, dua? Kitambaa ninacho, kile cha nguo za kuogelea. Kinavutika pande zote na hakinywi maji.

Lakini mwanangu, sketi haishonwi hivihivi. Mteja akija namuuliza: utakaa, utapanda ngazi, utakimbia? Hiyo ya gari nimuulize nani? Kitambaa kinachovutika kinataka kurudi kilikotoka. Mtu aliyeshika usukani atavutana nacho kila kona. Ni nani huyo, na ana mikono ya namna gani?

Halafu "kusaidiasaidia" ndiyo kazi gani? Mwanangu hajawahi kusaidia hata kuondoa kikombe alichonywea mwenyewe. Nimemwandikia mara mbili, ananijibu kwa picha ya kidole gumba kwenye simu ya jirani. Kuna kitu mnanificha nyinyi wawili. Nakijua kimya chenu tangu likizo ile mlipovunja kioo cha kabati langu mkakaa siku nzima mkiwa na adabu. Niambie.

Shangazi yako


Karakana, 11 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nyumbani hakuna amani. Baba amestaafu, na kazi aliyojipa ni kupanga upya vyombo vya Mama jikoni. Mama ameficha sufuria moja chumbani ili abaki na kitu anachojua kilipo. Mimi nimepona mafua. Hapa kuna vumbi la kukata fiba ya bodi ya gari, tunakohoa wote kama kwaya.

Umeniuliza moja kwa moja, na mimi kukudanganya siwezi, ingawa kunyamaza nilijaribu. Dereva ni Kitinda. Alinilisha yamini nisikuambie. Anasema ukijua utakuja hapa kumtoa ndani ya gari kwa sikio. Hakuchaguliwa kwa upendeleo, Shangazi. Tulipimwa wote, yeye ndiye mwepesi kuliko wote, na kila kilo kwetu ni mzigo. Tena ana utulivu. Wengine wakikaa mle ndani wanatoka wakihema, kwa sababu dereva analala karibu chali, viwiko vimebanwa ubavuni, na usukani anaugeuza kwa viganja tu. Yeye anatoka anapiga miayo. Humu ndani tunamwita Unyoya. Ungemwona anavyotembea siku hizi! Yule mtoto aliyekuwa akikaa nyuma ya kila picha sasa watu wanamngoja yeye ndipo kazi ianze.

Usimwambie kama nimekuambia, nakuomba.

Kuhusu kitambaa kuvutana na usukani, hilo nimelipigia hesabu, usiwe na wasiwasi. Ninachohitaji ni kikaze. Kikilegea kinapepea, na kikipepea ni afadhali tusiweke kitu. Kikaze kama shuka la kitanda cha hospitali.

Nasubiri kwa hamu.

Binti wa kaka yako


Karakana, 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama na Baba wazima. Sijapata jibu lako wala kifurushi. Nimemuuliza Baba, anasema alipita kwako, umempa chai, na hukusema neno juu yangu wala juu ya gari. Kama umekasirika, niandikie hata matusi. Kitinda hajui lolote. Muda unatubana.

Binti wa kaka yako


Nyumbani, 22 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Nimechelewa. Mkanda wa cherehani ulikatika, kisha nikapata mafua, kisha fundi wa cherehani naye akapata mafua yangu. Baba yako alikuja, akanipangia upya makabati. Siioni chumvi mpaka leo.

Sketi zako hizi hapa, mbili. Ukingo nimeutia utepe ili usichanike kwenye chuma. Nimeshona ninavyojua mimi. Mshono usiguswe na mtu.

Nina maswali, unijibu. Huo usukani unageuzwa kwa mikono yote miwili au mmoja unatosha? Anakaa humo ndani kwa muda gani bila kutoka? Na mwanangu analala upande gani siku hizi, kulia au kushoto? Usicheke, nijibu.

Kuhusu habari ile uliyoniambia, nimeisikia. Sina la kuongeza.

Shangazi yako


Karakana, 6 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo na asante. Chumvi Mama anasema itafute nyuma ya sukari, ndivyo Baba alivyomfanyia na yeye. Ukingo wako ni wa kupendeza, kila mtu hapa amepitisha kidole juu yake. Hata mhadhiri wetu tunayemwita Mzee wa Namba, ambaye hasifu kitu kisicho na hesabu, alisema "huyu mama anajua."

Maswali yako: usukani unageuzwa kwa mikono miwili. Anakaa ndani mpaka zamu iishe, ni sehemu kubwa ya mchana. Analala upande gani sijui, mimi si mlinzi wa bweni.

Sasa usinichukie. Ulizishona zikalegea. Tulibandika nyuzi fupi za sufu kuzunguka magurudumu yote, ndivyo tunavyouona upepo: uzi ukilala, hewa inapita vizuri, ukichezacheza, hewa imevurugika hapo. Nikapanda gari jingine lililokwenda ubavuni mwake, nikatazama. Nyuma nyuzi zimelala usingizi. Mbele ni harusi! Kitambaa kinapepea, nyuzi zinaruka. Nilitaka kulia, Shangazi, miezi yote hii ya kazi.

Kitinda alisema tuache vilevile. "Mshono wa Mama ni mzuri, usiuguse," akasema, na akakasirika kweli, jambo ambalo si la kawaida yake. Nikadhani anakutetea tu. Nilimwambia mapenzi ya mama ni kitu kingine na hewa ni kitu kingine.

Basi nimefungua mshono nikaupunguza upana wa vidole viwili, nikashona upya kwa uzi mara mbili. Nimejaribu usukani mwenyewe. Ni mzito kidogo lakini unageuka. Tukarudia, na nyuzi zote zimelala, Shangazi, mbele na nyuma! Gari limenyamaza. Mzee wa Namba alivua miwani akaifuta, kwake hiyo ni sherehe.

Kesho tunahamia kambini kwa majaribio marefu, kwenye uwanja wa zamani wa ndege ndogo. Mtandao wa simu hakuna kabisa. Barua ziachwe dukani njia panda, mpishi wetu huzichukua akienda kununua mboga.

Binti wa kaka yako anayekupenda


Nyumbani, 14 Mei

Fungua mshono. Salamu baadaye.

Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimemwambia jirani akupigie, hupatikani, nikamwambia ampigie Kitinda, hapatikani, nikamwambia apige chuoni, wakamwambia mko kambini. Hii nampa dereva wa basi mkononi, nimemwonya asiiweke na mizigo.

Mkono wa kushoto wa mwanangu haugeuki. Alipokuwa darasa la tatu alipanda juu ya paa la shule kufuata mpira, akaanguka. Mfupa wa kiwiko uliungwa vibaya. Kiganja chake hakigeuki mpaka mwisho, na akiuchosha ule mkono vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, anaweza kushika kitu na asijue kama amekiachia. Nyinyi mlikuwa mnakuja likizo tu, na mbele yenu alikuwa anajikaza kisabuni. Mashati yake yote nimeyashona mimi, mkono wa kushoto nikiukata kwa namna yake ili auvae bila kupinda, na mtu asione. Kwa nini unadhani nilikuuliza analala upande gani? Akiulalia huo mkono, siku inayofuata haufai.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilisema mara moja, kwa mwalimu wake wa michezo, na siku ileile akaondolewa kwenye timu. Muhula mzima mwanangu hakunisemesha. Akitaka chumvi alikuwa anamwomba paka. Nikaapa kwamba kuhusu mkono ule sitafungua mdomo tena maisha yangu yote. Uliponiandikia kwamba watu wanamngoja yeye ndipo kazi ianze, nilikaa na barua hiyo mpaka chai ikapoa, nikasema mimi si wa kumharibia tena. Nitamlegezea kitambaa. Gari lipungukiwe mbio kidogo, yeye asipungukiwe na kitu, na siri yake ibaki yake.

Naye alipokuambia usiuguse alikuwa anajua. Alipogeuza usukani alijua mama yake amefanya nini. Na wewe ukaukaza.

Fungua mshono, nakuomba kwa jina la baba yako. Usimwambie kwa nini. Mwambie umechanika.

Shangazi yako


Karakana, 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Wodini tulikuwa pamoja na hatukusemeshana. Uliingia na Baba, ukaniona nimesimama kando ya kitanda, barua yako ikiwa imekunjwa mfukoni mwangu, ukaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Hayo ndiyo maneno yote. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo nisingeweza kuyasema mbele yako.

Mwisho wa njia ya ndege kuna kona ya kugeuzia, na nyuma yake kuna mtaro wa maji. Asubuhi yote aliipinda vizuri. Mchana nikaanza kuona anaingia kwenye kona akiwa amepunguza mwendo kuliko tulivyopanga, nikasema redioni, "Unyoya, usiogope, kaza mwendo." Mimi ndiye niliyesema, Shangazi. Akaongeza. Mzunguko uliofuata magurudumu yaligeuka nusu, yakasimama hapohapo, kama mtu aliyeanza sentensi akasahau. Kisha yakanyooka yenyewe. Gari likaenda moja kwa moja mtaroni. Tulipomfungulia alikuwa macho, mkono wa kushoto uko chini yake, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Paneli zimepona?"

Barua yako nilipewa na mpishi kwenye korido ya hospitali. Ilikuwa imelala dukani tangu jana yake. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa sakafuni.

Sasa sikiliza alichokifanya mwanao. Walipokuja kumuuliza kilichotokea, alisema alisinzia. Amewaambia hivyo Mzee wa Namba na wenzetu wote: jua lilikuwa kali, akasinzia. Yuko radhi aitwe dereva aliyelala kwenye usukani, ilimradi asiitwe mtu mwenye mkono mbovu. Na wamemwamini. Karakana nzima sasa inasema Unyoya alisinzia, wengine wanacheka. Mzee wa Namba anasema kitambaa ni kizuri mno, hakiguswi, tutengeneze bodi na tuendelee, na kwa kuwa baada ya Kitinda mwepesi kuliko wote ni mimi, mimi ndiye nitakayeendesha.

Kuna jambo jingine, na hili hakuna anayelijua ila wewe, kuanzia sasa. Jana wenzangu walipokwenda kula nilifunga kipande cha kitambaa kwenye fremu yetu ya zamani yenye magurudumu na usukani, kwa mkazo uleule, nikalala chali kama dereva, viwiko ubavuni, nikaanza kugeuza. Mara ya kwanza nikaweza. Nikaendelea kona baada ya kona, kama zamu ya kweli. Haikuchukua muda mikono yangu yote miwili ikaanza kutetemeka, halafu ikakataa. Mikono mizima, Shangazi! Siku ile niliyokuandikia kwamba nimejaribu usukani, gari lilikuwa limesimama, kifuniko cha juu kimetolewa, na mimi nimekaa wima nimeegemeza mwili wote. Niliugeuza mara chache nikaenda kukuandikia kwa furaha. Hesabu nilizopiga zote zilikuwa za upepo. Ya mtu sikupiga hata moja.

Kwa hiyo si mkono wake tu. Mtu yeyote angefika mtaroni, yeye alifika mapema. Nikisema hivi, jina lake litasafika, na mimi huenda nisiguse tena gurudumu lolote hapa. Hilo nitalimeza. Lakini nikianza kueleza watauliza kila kitu, watamuuliza na yeye, na mkono utajulikana, na atajua ni wewe uliyeniambia. Nikinyamaza, anabaki kuwa mtu aliyesinzia. Siwezi kuamua peke yangu. Nimechoka kuamua mambo yenu peke yangu.

Daktari anasemaje kuhusu vidole?

Binti wa kaka yako


Nyumbani, 20 Juni

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Baba yako mzima, amenizibia bati la jikoni, sasa linavuja upande mwingine. Wifi yangu alikuja na supu, akakaa nasi siku mbili, goti lake linabashiri mvua kuliko redio. Nakuandikia salamu hizi kwa sababu safari iliyopita niliziruka, na yaliyofuata yakawa mabaya.

Daktari anasema mfupa utashika. Vidole hajui. Anamchoma sindano ndogo kwenye ncha, anamuuliza unasikia, naye anasema ndiyo, na mimi nimekaa pembeni naona macho yake yanaitazama sindano ili ajue lini aseme ndiyo. Sasa hawezi kufunga kifungo. Ukimsaidia anageuza uso. Chakula anakula nikitoka chumbani.

Umeniuliza useme au usiseme. Nimekasirika uliponiuliza, maana nilitaka nikuchukie kwa raha zangu, na wewe umekuja kunishirikisha. Nimekuchukia hata hivyo, wiki nzima. Nilikuwa nikikanyaga pedali ya cherehani bila kuweka kitambaa. Mimi nilikuambia mshono usiguswe. Lakini nikisema hivyo, moyo unaniuliza: na sababu ulimwambia?

Basi juzi nilimwambia Kitinda mwenyewe. Niliingia na chai, nikakaa kitandani kwake, nikasema, "Mwanangu, mkono wako nimeutaja. Nimemwandikia binti wa mjomba wako." Aligeukia ukutani. Nikasema na lile jingine, kwamba umelala chali ukajaribu, na mikono yako mizima ikashindwa. Nikajua ndiyo tumerudi kwa paka. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama mnavyosema wote mnaposahau masikio yangu kisha mkayakumbuka, "Hata yeye ilimtetemeka?" Nikasema hata yeye. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akalia, binti yangu, mtu mzima yule, alilia mpaka plasta ya mkono ikalowa, na mimi nikalia kwa sababu sijui kama lile ni chozi la aibu au la nafuu, na kumuuliza niliogopa.

Kwa hiyo sema. Sema yote, lako na letu. Asubuhi ameniambia hivyo kwa kinywa chake: waambie hakusinzia.

Kuhusu wewe kuendesha, nikikukataza utamlisha mtu mwingine yamini anifiche. Sikukatazi. Lakini sitakushonea kwa karatasi, wala kwa barua. Barua zetu zimetosha. Njoo hapa nyumbani. Utalala chali sakafuni mbele ya cherehani yangu, viwiko ubavuni, tutakupa sinia ulishike kama usukani, na kitambaa kitafungwa kwenye sinia hilo, uligeuze kona baada ya kona mpaka mikono iseme basi. Ikisema basi, na wewe useme, usijikaze. Hapo ndipo nitakapotia alama ya chaki, na kitambaa hakitakazwa kupita hapo hata Mzee wa Namba avue miwani mara ngapi.

Nilimweleza Kitinda mpango huu. Aliniuliza jambo moja tu, utakuja lini. Nikamwambia mtu wa kuvuta kitambaa upande wa pili sina, mimi nitakuwa nimeshika chaki.

Anasema atavuta yeye, kwa mkono uliobaki.

Shangazi yako